Kumwotea Tandala Mzee

Alfajiri, kabla jua halijavuka vilima vya Mbulu, mzee wa Kihadzabe amechuchumaa kando ya shimo la maji katika korongo la mchanga, upande wa Bonde la Yaeda. Uta wake ameulaza chini pamoja na mishale, mikono ameipumzisha magotini. Maji hayamshughulishi. Anatazama tope la ukingoni, ambalo kwa macho ya mgeni limevurugwa tu. Yeye anaona tabaka. La chini ni kwato za ng'ombe walionyweshwa jana alasiri. La juu ni vidole vya njiwa na kanga waliotua kulipopambazuka. Katikati, juu ya ng'ombe na chini ya njiwa, zimepita kwato nyingine, jozi kwa jozi, nyembamba, zilizochongoka mbele. Mwenye kwato hizo alikuja ng'ombe wakiwa wameshaondoka, naye akaondoka kabla ndege hawajaamka.

Ni tandala mkubwa, dume, tena mtu mzima. Mzee hasemi hivyo mara moja. Anasimama, anafuata alama hatua chache kuelekea kichakani, kisha anarudi. Alama ya mguu wa mbele ni pana kuliko ya mguu wa nyuma, maana dume aliyekomaa hubeba uzito mwingi shingoni na kifuani. Mbele kidogo amekojoa, na mkojo umeangukia mbele ya alama za miguu ya nyuma. Wa jike ungeangukia nyuma yake. Hakuna kwato za wenzake wala za ndama. Majike hutembea na watoto wao katika vikundi vidogo, lakini dume mzee huweza kuishi peke yake sehemu kubwa ya mwaka. Kwenye kona ya kichaka mzee ananionyesha tawi la mkole lililovunjwa na kupindwa, gome limechubuliwa juu ya kimo cha kifua changu. Hapo dume alisimama akayapigapiga matawi kwa pembe.

Pembe za mnyama huyu ndizo zinazojulikana zaidi na watu wa mjini, kwa sababu wameziona ukutani au zimegeuzwa baragumu. Hujisokota polepole, na hufikisha mizunguko miwili na nusu dume anapokuwa na umri wa miaka kama sita. Dume kama huyo huweza kupita kilo 250, ana mistari myeupe mbavuni na ndevu ndefu chini ya koo. Anapopita kwenye vichaka huinua kidevu na kulaza pembe mgongoni, na mwili mkubwa hivyo hupenya miiba bila kelele. Mchana hujificha penye majani mazito na kusimama tuli, na mtu anaweza kupita karibu naye asimwone.

Kwa asili yake tandala hupenda kula majani asubuhi na jioni. Usiku ndiko alikosukumiwa. Kiangazi kikishika, kuanzia Juni hadi mvua za Novemba, mashimo ya maji hupungua mpaka yakabaki machache, na kila lililobaki lina watu. Ng'ombe, mbuzi na mbwa hulizunguka kutwa nzima. Wahadzabe wa Yaeda walipata hati ya kimila ya kumiliki ardhi yao mwaka 2011, na jambo hilo limesaidia, lakini kiu ya mifugo ni kubwa. Tandala aliyeishi miaka ya kutosha kuwa na pembe kamili amejifunza kwamba maji ya mchana yana gharama. Wale wasiojifunza hawakufika umri wake. Kwa hiyo mwindaji anayemtaka dume huyu anashindana na mnyama aliyekwisha kuchujwa na hatari zote alizozipita.

Kazi ya kwanza ni kujua saa. Mzee anarudi shimoni asubuhi moja baada ya nyingine, bila nia ya kurusha mshale, na kila mara anatafuta kitu kidogo kilichopita juu ya kwato au chini yake. Usiku una watembeaji wake: nungunungu, fisi, panya wa mchangani, wadudu wanaochora mstari mwembamba kwenye vumbi. Akikuta mkia wa panya umekata katikati ya alama ya tandala, anajua dume alitangulia. Akikuta kwato imefunika nyayo za fisi, fisi ndiye aliyetangulia. Kingo za alama nazo husema: zikiwa kali, upepo haujapata muda wa kuzimomonyoa, zikiwa zimelegea, alipita mapema. Baada ya asubuhi kadhaa anajua kwamba huyu haji usiku wa mapema. Anangoja mpaka mbwa wanyamaze na vumbi la ng'ombe litulie, ndipo ashuke.

Saa hiyo lazima ikutane na mwezi. Bila mbalamwezi mwindaji haoni kitu cha kulenga, na hapa hakuna anayetumia tochi. Mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku, hivyo kwa dume anayekunywa usiku wa manane, siku zinazofaa ni chache: zile zinazoukaribia mwezi mpevu na zile zinazoufuata. Muda mrefu kabla yake mwezi huwa umeshatua. Muda mrefu baada yake huwa haujachomoza. Usiku wa giza totoro una shughuli yake nyingine kwa Wahadzabe. Ndio usiku wa epeme, ngoma ya wanaume inayochezwa mioto ikiwa imezimwa, mchezaji mmoja kwa zamu, njuga mguuni, wanawake wakiimba. Mwezi ukiwa mkubwa, watu hugeukia maji.

Kazi ya pili ni upepo, na hapa ndipo nilipoanza kuelewa ukubwa wa akili inayotumika. Mzee anachota majivu kutoka mfuko mdogo wa ngozi, anayaachia kati ya vidole viwili na kuyatazama yanakokwenda. Anafanya hivyo jioni jua likiwa bado kali, anafanya jua likitua, anafanya tena giza likiingia. Mchana hewa yenye joto hupanda mteremko. Usiku ikipoa huwa nzito, ikashuka kufuata korongo. Kuna kipindi cha kati ambapo hewa haijui iende wapi, na majivu huzunguka mahali pamoja. Mtu akikaa mahali palipomfaa saa kumi na mbili jioni, harufu yake inaweza kuwa imetangulia kichakani ifikapo saa nne.

Tena dume mzee haingii majini akiwa ameupa upepo kisogo. Huja kwa upande ambao hewa inamletea harufu za shimo kabla hajatoka kwenye majani. Ukikaa pale anapotaka kunusa, atakunusa. Ukikaa mbali kabisa na hewa yake, hatapita karibu nawe. Mzee anatafuta pembe ndogo kati ya hayo mawili: mahali ambapo dume ataridhika kwamba upepo ni wake, nao upepo huohuo unapita hatua chache tu pembeni mwa mtu. Anapapata karibu na mwamba uliochimbika, anajaribu majivu, anasogea, anajaribu tena. Kuchagua mahali pa kukaa kunachukua muda mrefu kuliko kupajenga.

Kujenga kwenyewe ni jambo la kimya. Anapanga mawe nusu duara, kimo cha mtu aliyepiga magoti, na kuyafunika kwa matawi makavu ya migunga yaliyokuwa hapohapo. Hakati tawi bichi, kwa sababu kovu jeupe la mti hung'aa mbalamwezini na utomvu wake hunukia. Anang'oa kila kijiti kilicho chini ya magoti yake, anapapasa mchanga kwa kiganja kuhakikisha hakuna kitakacholia. Anaacha uwazi mmoja wa mbele, mwembamba, na nafasi ya juu ya kuchezea uta. Kisha anaondoka. Kificho kinabaki kitupu kwa siku kadhaa, mpaka wanyama wote wa pale wakizoee kama sehemu ya ukingo.

Siku hizo za kungoja zinakwenda kwenye silaha. Uta wa Kihadzabe ni mrefu, unakaribia kimo cha mwenyewe au kukizidi, na kuuvuta kunahitaji nguvu ya kunyanyua kilo 30 hivi. Upote wake ni mishipa ya mnyama, iliyokaushwa, ikachanwa na kusokotwa. Mzee anaukagua inchi kwa inchi kwa ukucha. Kisha anashika mishale. Mti wa mshale huwa haunyooki wenyewe. Anaupitisha juu ya makaa, anauweka kati ya meno, anaubana pale ulipopinda, anafumba jicho moja na kuutazama kwa urefu wake, anaurudisha motoni. Nimekaa karibu naye nikadhani umeshanyooka. Yeye bado anaona kosa. Nyuma amefunga manyoya ya kanga kwa uzi wa mishipa, na vidole vyake vikubwa vinabana kila mzunguko ushikane na uliotangulia bila kupanda juu yake.

Kigumba ni cha chuma. Mara nyingi hutoka kwa wahunzi wa Kidatoga, au ni msumari uliofuliwa ukiwa baridi mpaka ukawa bapa. Kwa mnyama mkubwa kigumba hupakwa sumu. Wahadzabe wana mimea miwili mikuu ya kazi hiyo. Mmoja ni waridi la jangwa, wanaouita panjube, wenye shina lililovimba na maua ya waridi wakati kila kitu kingine kimekauka. Mwingine ni shanjo, wa jamii ya Strophanthus. Utomvu wa panjube huchemshwa pole pole mpaka unakuwa mweusi na mzito kama lami, ukapakwa nyuma ya ncha. Juu yake mzee anazungusha ukanda mwembamba wa ngozi, ili sumu isikauke na ili asijikwaruze mwenyewe. Ukanda huo hautoki mpaka atakapokuwa ndani ya kificho.

Sumu hii inafanya kazi moyoni. Uwezo wake umejulikana pia nje ya Afrika kwa njia ya ajabu kidogo: John Kirk, daktari wa msafara wa Livingstone kwenye Zambezi, ambaye baadaye alikuwa konsuli wa Uingereza Zanzibar, aliona mapigo ya moyo wake yakipungua baada ya mswaki wake kuguswa na sumu ya mishale aliyoihifadhi. Mmea ulikuwa Strophanthus kombe, ndugu wa shanjo. Thomas Fraser wa Edinburgh akaichunguza, na kwa miaka mingi dawa iliyotokana nayo ilitolewa kwa wagonjwa wa moyo Ulaya. Waliokuwa wakipika sumu hiyo kwenye vyungu vidogo kandokando ya makorongo walikuwa wameshajua kipimo chake.

Usiku uliochaguliwa, mzee anakwenda na mpwa wake. Watu huotea majini wawili wawili, kwa sababu shimo la maji halina mteja mmoja: simba na chui nao wanajua nani atakuja kunywa. Wanafika mchana ukingali mweupe, wanazunguka kwa mbali ili nyayo zao zisikate njia ya dume, wanaingia kifichoni kwa upande wa mawe. Tangu hapo hakuna neno. Mimi nimebaki juu ya mwamba, mbali na upepo, na mzee aliniagiza jambo moja tu.

"Mzee, nikimwona nifanyeje?"

"Usimwangalie machoni. Kaa."

Kukaa kwake ni kazi yenye ufundi. Hakai kwa kujikaza, maana mwili uliokazwa huchoka na kutikisika. Uzito wake ameugawa: goti moja chini, kisigino kimoja chini ya makalio, mgongo kwenye jiwe. Kila baada ya muda mrefu anauhamishia upande wa pili, taratibu sana hata ukimtazama huoni mwanzo wa mwendo wala mwisho wake. Mpwa wake analala kidogo akiwa ameketi, kisha anaamka bila kuguswa. Mwaka 2017 David Samson na wenzake walichapisha utafiti wa usingizi wa Wahadzabe: watu wazima 33, siku 20, na kwa muda wote huo dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja hazikuzidi 18. Karibu daima yuko aliye macho, na wazee hukesha na kuamka kwa saa zisizofanana na za vijana. Nikimtazama mzee huyu sioni ajabu.

Nyakati nyingi hakuna kinachotokea. Kristen Hawkes na wenzake waliofuatana na Wahadzabe miaka ya 1980 waliandika mwaka 1991 kwamba mwindaji mmoja alipata mnyama mkubwa takriban mara moja tu kwa mwezi. Siku nyingine zote ni kutoka na kurudi mikono mitupu, na kula mizizi, matunda na asali ambavyo wake na watoto nao wamevitafuta. Hesabu hiyo inabadilisha namna ya kumtazama mtu aliye kifichoni. Fisi anakuja, anakunywa, anaondoka. Ngiri wanakuja, nyama nzuri hatua chache tu, na uta haunyanyuki, kwa sababu mlio wa upote mmoja utalifunga shimo kwa usiku wote.

Dume anapokuja, haji. Anakuwepo. Kwanza ni ukimya wa vyura. Halafu kwenye ukingo wa kichaka kuna giza lililo zito kuliko giza la jirani yake, na giza hilo lina masikio mawili mapana yanayogeuka, moja mbele, moja nyuma. Anasimama hapo muda mrefu mno. Mbalamwezi inapata ncha ya pembe, inaipoteza. Anatoka hatua mbili, anasimama. Anarudi nyuma hatua moja. Wawindaji wengi wasio wavumilivu hushindwa hapa, kwa sababu dume ameshakuwa ndani ya mwendo wa mshale na amejiweka ubavu. Mzee haguswi na hilo. Tandala aliyesimama kusikiliza ana misuli iliyo tayari. Ukiachia mshale atakuwa amekwisha ondoka kabla haujafika.

Anashuka majini. Anapanua miguu ya mbele, anainamisha shingo, na sauti ya kunywa inaanza, mikupuo mirefu. Anainua kichwa ghafla, maji yakidondoka ndevuni, anatazama moja kwa moja kwenye mawe. Hii ni hila yake. Wengi huinua kichwa namna hii mara ya kwanza ili kumfumania anayesogea. Hakuna anayesogea. Anainama tena, na sasa anakunywa kwa kiu ya kweli. Ndipo mkono wa mzee unapovuta. Uta mrefu ameulaza upande ili usigonge mawe, na anauvuta kwa mgongo zaidi ya mkono, polepole, katika sauti ya dume mwenyewe anayemeza. Ukanda wa ngozi ulishatoka kitambo. Analenga nyuma ya bega, chini, mahali ambapo mstari wa mguu unakutana na kivuli cha tumbo.

Mlio wa upote ni mfupi. Dume anabweka mara moja, kwa sauti nzito, na kichaka kinavunjika.

Na mzee anakaa. Hili ndilo lililonigusa kuliko shabaha yenyewe. Mpwa wake ameinua kichwa tu, akitaka idhini, naye anamwonyesha kiganja. Anasikiliza. Matawi yanavunjika kuelekea juu, kisha mawe yanabingirika upande wa kushoto, kisha kimya. Anakumbuka kila kimoja kwa mpangilio wake, kwa sababu kesho vitakuwa ramani. Mnyama akifukuzwa akiwa na nguvu hukimbia mbali hata akiwa na sumu mwilini. Akiachwa hutembea, hutulia, hulala. Wawili hao wanabaki ndani ya mawe mpaka mapambazuko, wakijua kuwa fisi wanaweza kuwatangulia, na wakichagua hatari hiyo badala ya ile ya kumpoteza mnyama kwa haraka yao.

Asubuhi wanaanza pale alipokunywa. Mpwa anatangulia, mzee anapita pembeni mwa alama, hakanyagi juu yake kamwe, ili wakipotea waweze kurudi na kusoma upya. Damu ni kidogo, tone hapa, mpako kwenye jani pale, na urefu wa mpako kutoka ardhini unaonyesha mshale uliingia wapi. Mti wa mshale wanauokota ukiwa umevunjika kwenye miiba. Mzee anaukagua ulikovunjikia na kuona kigumba kimebaki ndani. Hatua za kwanza ni za mbio, kwato zimefunguka na kuchimba. Mbele zinafupika. Kisha mguu mmoja unaanza kuburuta ncha. Kwenye mwamba mtupu, ambapo sioni chochote, wanaachana, kila mmoja anazunguka nusu duara, na mpwa anapiga mluzi: jiwe dogo limegeuzwa, upande wenye unyevu uko juu.

Wanamkuta amelala chini ya mgunga, pembe zimeegemea shina. Mzee anamgusa jicho kwa ncha ya uta kabla hajamsogelea. Kisha anaanza kuchuna, na kwanza kabisa anakata nyama iliyozunguka jeraha na kuitupa, pana kiasi cha kiganja kwa kila upande. Nyingine yote ni salama. Anatoa kigumba, anakifuta mchangani, anakitazama ncha, anakiweka kando, kitafuliwa upya. Figo, moyo, pafu na ulimi vinatengwa. Hiyo ni nyama ya epeme, ya wanaume waliokwisha kuingizwa katika epeme, huliwa faraghani na haiguswi na mwingine. Mifupa mirefu inapasuliwa hapohapo kwa ajili ya uboho.

Mpwa anakwenda kuita kambi, na kabla ya adhuhuri watu wamefika na visu vyao, wazee, wanawake na watoto, kila mmoja akiondoka na mzigo. Mzee hagawi kwa majivuno wala hasimulii. Anapoulizwa dume alikuwaje, anasema alikuwa na kiu. Mwezi sasa unachelewa sana kuchomoza, na hatarudi kwenye shimo lile mpaka mwingine uandame na kukua. Ameshasikia ndege wa asali akiita upande wa mibuyu, na kesho atamfuata.